Tippu Tip na Bendera ya Kuazima

Mwezi wa kwanza mwaka huu, siku chache kabla sijarudi chuoni, mama aliniita sebuleni akafunga mlango. Ukiona mama wa Kitanzania anafunga mlango wa sebule mchana kweupe, ujue kuna msiba au kuna hela. Kwetu ilikuwa hela. Mama alistaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka jana, na mafao yake yalikuwa yameshaingia, milioni 29 na ushee. Juu ya meza palikuwa na mkataba wa kurasa kumi na nane, umechapwa vizuri, kila ukurasa una nembo ya rangi. Akaniambia niusome, eti mimi ndiye msomi wa nyumba.

Ulikuwa mkataba wa franchaizi. Kwa asiyejua, franchaizi ni hivi: kampuni yenye jina linalojulikana inakuruhusu ufungue duka kwa jina lake, nembo yake, rangi zake na mapishi yake. Wewe unalipa ada ya kuingia, kisha kila mwezi unawakatia fungu la mauzo. Mtaji ni wako, kodi ya pango ni yako, wafanyakazi ni wako, ila jina lililo juu ya mlango si lako. Hawa walikuwa wanauza kuku wa kukaanga na chipsi, wana matawi mikoa kadhaa, na sasa wanatafuta mtu wa Tabora. Jina lao sitalitaja.

Kusema ukweli sikuwa na la kumjibu. Nasoma ualimu, masomo yangu ni Historia na Kiswahili, na sijawahi kukaa kwenye darasa la biashara hata siku moja. Nilimwomba mama anipe mwezi mmoja. Niliporudi chuo nikakuta kazi ya darasani inanisubiri: kusoma maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, yaliyoandikwa kutokana na maneno yake mwenyewe kwa Kiswahili. Nilikaa kwenye kimbweta, kitabu mkono huu na mkataba wa mama mkono huu. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba yule mzee naye aliwahi kuwekewa mezani karatasi kama ile. Aliweka saini. Nikataka kujua kilichompata.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja wazi. Kuna wenzetu hapa chuoni ambao kwenye midahalo humtaja Tippu Tip kama mjasiriamali mkubwa wa kupigiwa mfano. Mimi simo. Utajiri wake ulitokana na pembe za ndovu na watu waliotekwa, na pembe zenyewe zilibebwa na mabega ya watu, wengine kwa ujira, wengine kwa minyororo. Simsomi ili nimuige. Namsoma kwa sababu alifanya biashara kwa kila aina ya mkataba uliokuwepo zama zake, na mwisho wake tunaujua.

Alizaliwa Zanzibar, karibu mwaka 1837. Mama yake alikuwa Mwarabu wa asili ya Maskati. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa safari za bara, mtu wa Pwani mwenye mizizi ya Uarabuni na Uafrika pamoja. Baba huyo makazi yake makubwa yalikuwa huku kwetu Unyanyembe, na alimuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kwa hiyo Tabora kwa Tippu Tip haikuwa kituo cha kupita tu. Ilikuwa nyumbani kwa baba, na kwa mama wa kambo.

Kijana alianza biashara akiwa na miaka kumi na miwili hivi, akizungukia maeneo ya karibu na pwani kutafuta sandarusi. Alipofika miaka kumi na minane hivi alifuata njia ya msafara pamoja na baba yake hadi Tabora. Njia ile ndiyo ile inayozungumzwa leo kwenye mambo ya utalii: Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Miembe mikubwa tunayopumzika chini yake huku inahusishwa na misafara hiyo. Tabora, ambayo Burton na Speke walifika mwaka 1857 na kuisikia ikiitwa Kazeh, ilikuwa njiapanda. Ukitoka hapa unaweza kwenda magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda, au kusini magharibi hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi walipatikana hapa, maana Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo na waliijua barabara kuliko mtu mwingine yeyote. Bidhaa zilizotoka pwani zilikuwa merikani, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Zilizoshuka pwani zilikuwa pembe na watumwa.

Sasa swali la mwalimu wa biashara: mtaji ulitoka wapi? Kijana wa miaka ishirini hana hela ya kulisha wapagazi mamia kwa miezi na miezi. Jibu ni mali kauli. Neno hili bado linatumika Kariakoo hadi leo. Mwenye duka anakupa mzigo, wewe unaondoka nao, mkirudi kukutana unalipa. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar ndio waliokopesha misafara. Aliyempa Tippu Tip mali nyingi kuliko wote ni Taria Topan, Mwismailia aliyetoka Kutch huko India, akapanda hadi kushika forodha za Zanzibar. Mali ilikuwa ya Taria, hatari ilikuwa ya Tippu Tip. Mzigo ukiporwa njiani, deni haliporwi nao.

Lakini kuna kitu nilikipigia mstari hapa. Katika mali kauli, jina lilibaki la anayesafiri. Msafara uliitwa msafara wa Tippu Tip. Watemi walipatana na yeye, wapagazi walimfuata yeye, njia aliijua yeye. Taria Topan hakumpangia auze shanga za rangi gani Ujiji. Alichotaka ni hesabu mwisho wa safari. Hata jina la Tippu Tip lenyewe ni la huko bara. Yeye mwenyewe aliliunganisha na mlio wa bunduki zake, wengine husema lilitokana na kupepesa macho. Vyovyote iwavyo, alipewa na watu waliomwona, na jina hilo likawa mtaji mkubwa kuliko nguo alizobeba.

Lilikuwa jina la kutisha. Mwaka 1867 hivi alipigana na Nsama, mtemi wa Itabwa, ambaye wafanyabiashara wengi walimwogopa, akamshinda na kuchukua shehena ya pembe ambayo yeye mwenyewe aliihesabu karibu frasila 2,000. Frasila moja ni zaidi kidogo ya kilo 15, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, ni kama tani 30. Mwaka huohuo alikutana na Livingstone, akamsaidia. Tukisoma haraka tunaona ushindi na ukarimu. Tukisoma polepole tunaona pia vijiji ambavyo habari zake kitabu hakizifuatilii.

Miaka ya 1870 aliingia ndani zaidi, ng'ambo ya ziwa, kwenye nchi ya Manyema na mto Lualaba. Huko Utetera alipata utawala kwa njia ambayo hadi leo inanishangaza. Alimsimulia mtemi wa pale kwamba bibi wa ukoo wake alikuwa binti wa nchi ile aliyetekwa zamani, kwa hiyo wao ni ndugu. Mtemi akamkabidhi madaraka. Angalia, hapo hakuazima jina la mtu, alijitengenezea la kwake.

Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley, akitaka kuufuata mto Lualaba ajue unakwenda wapi. Waliandikiana mkataba: Tippu Tip amsindikize kwa miendo 60, kila mwendo wa saa nne, kwa dola 5,000. Msitu ukawa mzito, ndui na njaa zikaingia, wakaachana kabla ya miendo kutimia. Stanley alimwandikia hati ya dola 2,600. Tippu Tip alipokuja kusimulia uzeeni bado alikuwa na donge. Anaeleza kwamba Stanley alimwahidi makubwa, na baadaye alichompelekea ni picha yake. Picha, jamani. Hebu fikiria umempitisha mtu msituni, halafu unapokea picha yake.

Alikaa bara miaka kama kumi na miwili. Alirudi pwani kupitia Tabora na pembe nyingi mno, akafika Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1882. Njiani alichagua kuelewana na Mirambo wa Urambo badala ya kupigana naye, na Mirambo nitamrudia hapo mbele. Zanzibar alipokewa na Sultani Barghash kama mtu mzito. Barghash alitaka amshikie nchi za mbali kule kwenye mto, akarudi bara mwaka 1883 akiwa kama jicho la Sultani.

Halafu mambo yakabadilika, na hapa ndipo nilipoutoa tena mkataba wa mama mkobani. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa ameunda kile kilichoitwa Dola Huru ya Kongo, nayo ilidai nchi zilezile ambazo Tippu Tip na wenzake walikuwa wanafanyia biashara. Mwaka 1886 ugomvi ulilipuka pale Stanley Falls, palipo Kisangani leo, na kituo cha Dola hiyo kikaangushwa. Mwaka huohuo Uingereza na Ujerumani zilikaa zikamgawia Sultani wa Zanzibar ukanda mwembamba wa pwani, maili kumi tu kuingia bara. Maana yake nini? Bendera ya Sultani, ambayo Tippu Tip alikuwa anategemea kivuli chake, haikuwa tena na nguvu ya kumkinga huko ndani.

Februari 1887, Zanzibar, Stanley alimletea karatasi kwa niaba ya Leopold. Masharti yalikuwa rahisi kuyasoma. Tippu Tip atakuwa gavana wa Stanley Falls. Atapandisha bendera ya Dola Huru, ile ya buluu yenye nyota ya dhahabu. Atazuia biashara ya watumwa katika eneo lake. Atakaa na ofisa wa Kizungu pembeni yake. Biashara yake binafsi ya halali ataendelea nayo. Mshahara: pauni 30 kwa mwezi. Akakubali. Wakapanda meli pamoja, wakaizunguka Afrika kwa kupitia Rasi hadi mdomo wa mto Kongo, na kutoka hapo wakapanda mto.

Wapo wanaomcheka kwa pauni 30. Mimi sikumcheka, kwa sababu nilijiuliza ningekuwa yeye ningefanya nini. Sultani amebanwa. Wazungu wanaingia pande zote. Ukikataa, watakuja na bunduki. Ukikubali, unapata cheo, muda, na njia ya kupitisha pembe zako kwa mto badala ya kuzibeba miezi mingi hadi Bagamoyo. Kwa hesabu ya siku ile ulikuwa mkataba wenye akili. Hata mama yangu alikuwa na hesabu ya namna hiyo: ukianzisha kibanda chako nani atakujua, lakini ukiweka jina kubwa mlangoni watu wanakuja wenyewe.

Tatizo lilikuwa kwenye yale ambayo karatasi iliyapanga vibaya. Kwanza, Tippu Tip aliwajibika kwa tabia za wafanyabiashara wengine wa Kiarabu na Kiswahili ambao hawakusaini kitu na hawakuwa watumishi wake wote. Wengine walimwona amejiuza. Pili, aliahidi wapagazi 600 kwa msafara wa Stanley wa kwenda kumwokoa Emin Pasha. Wapagazi walichelewa, na walipopatikana walikuwa wachache kuliko ahadi. Kikosi cha nyuma cha msafara kikaoza kwa njaa na maradhi kambini Yambuya, na mkuu wake Barttelot akauawa Julai 1888. Lawama zikamwangukia aliyebeba bendera. Stanley alifungua shauri Zanzibar akidai pauni 10,000. Shauri lile baadaye liliachwa, lakini tayari lilikuwa limemtoa Tippu Tip huko mtoni.

Aliondoka Stanley Falls mwaka 1890, akarudi kwa njia ileile ya zamani inayopita Ujiji na Tabora. Mwaka huo Tabora nayo ilikuwa imepandishwa bendera ya Wajerumani. Alifika pwani mwaka 1891, na huko bara hakurudi tena. Nyuma alimwacha mwanawe Sefu, na mpwa wake Rashid ndiye aliyeshika ugavana. Mwaka 1892 vita vilianza kati ya Dola Huru na Waarabu wa Manyema. Sefu aliuawa mwaka 1893, na mwaka 1894 yote yalikuwa yamekwisha: Nyangwe, Kasongo, maghala, mashamba, pembe. Bendera aliyoipandisha yeye mwenyewe mwaka 1887 sasa ilikuwa inapepea juu ya mali yake, na yeye hana hata haki ya kuuliza.

Alimalizia maisha yake Mji Mkongwe, Zanzibar, bado tajiri, ana mashamba na watumwa, nyumba yake ipo hadi leo. Mjerumani Heinrich Brode alimshawishi asimulie maisha yake, yakachapishwa miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na yakawa miongoni mwa maisha ya mtu ya mwanzo kabisa kuandikwa na mwenyewe kwa Kiswahili. Alifariki Juni 1905.

Nilipomaliza nilitaka kumpigia mama na kumwambia achane ule mkataba. Wahenga walishasema, cha kuazima hakisitiri matako. Kisha nikajishika. Jibu la haraka namna hiyo ni la mtu aliyesoma upande mmoja. Mtazame Mirambo. Huyu hakutaka kuwa wakala wa mtu. Alijenga Urambo kwa jina lake, akawafungia Waarabu wa Tabora barabara kuanzia mwaka 1871, akatoza hongo, akataka biashara ipite kwake. Lakini alipokufa mwaka 1884 dola yake haikudumu, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimefungwa kwenye mtu mmoja. Jina lako mwenyewe nalo linaweza kufa na wewe.

Na upande wa pili, kuna waliobeba jina la wengine wakapona. Bonite ya Moshi kwa miaka mingi imejaza soda za Coca-Cola, jina la Marekani kabisa. Lakini haohao ndio wanaotengeneza maji ya Kilimanjaro. Walibeba jina la mwingine huku wanajenga la kwao, na kiwanda, magari na wateja vikabaki mikononi mwao. Kwa hiyo swali si kama kuazima jina ni vibaya. Swali nililolipata kwa Tippu Tip ni hili: siku mwenye bendera akiishusha, au akiamua kuipandisha mwenyewe bila wewe, unabaki na nini?

Nikausoma mkataba wa mama upya nikiwa na swali hilo. Ada ya kuingia ilikuwa milioni 12, vifaa na ukarabati wa chumba milioni 23. Jumla 35. Mama ana 29. Pengo la milioni 6 lingejazwa na mkopo, na dhamana iliyotajwa ni hati ya nyumba yetu.

Kila mwezi walitaka asilimia 6 ya mauzo, na asilimia 2 za matangazo. Sikiliza vizuri: ya mauzo, si ya faida. Ukiuza milioni 10 kwa mwezi wanachukua 800,000, hata kama wewe ukishalipa umeme, pango, mafuta na vijana umebaki na hasara. Mwenye jina hapati hasara yako. Hii ni kama hongo ya njiani, unalipa kwa kupita, si kwa kufika.

Kuku, viazi, unga wa kupakia, hata karatasi za kufungia, vyote vinunuliwe kwao, vitoke Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Sharti hili lina sababu yake, wanataka ladha iwe moja kila tawi. Lakini tunakumbuka Kenya Januari 2022, KFC walipoishiwa chipsi katika nchi inayolima viazi, kwa sababu viazi vyao vilitoka nje na meli zikachelewa. Wakulima wakauliza, sisi hatuonekani? Mama naye akauliza vilevile: kuku wa Tabora wana kosa gani?

Kuhusu eneo, mkataba haukusema kwamba Tabora ni ya mama peke yake. Kampuni ingeweza kufungua tawi jingine barabara ya pili, hata la kwake yenyewe, mama akishawazoesha watu jina. Na mwisho wa miaka mitano, au wakivunja kwa notisi ya siku 30, mama ashushe bango, arudishe mapishi, na asiuze kuku wa kukaanga mkoani kwa miaka miwili. Hapo nilimwona Tippu Tip kabisa, ameketi barazani Zanzibar.

Kuna jambo la mwisho, na hili halikuandikwa popote. Katika hesabu waliyomletea mama, mshahara wa msimamizi wa duka ulikuwa sifuri, kwa kuwa msimamizi ni wa familia. Huyo wa familia ni mdogo wangu, aliyemaliza kidato cha nne na anasubiri chuo cha ufundi. Hakuna aliyemuuliza. Misafara ya Tippu Tip ilionekana na faida kubwa kwa sababu watu waliobeba pembe hawakuhesabiwa kama gharama. Silinganishi mdogo wangu na mtumwa, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba faida inayopatikana kwa kumsahau mtu mmoja kwenye hesabu si faida.

Nilimwandikia mama ukurasa mmoja, kwa mkono. Nilimshauri asikatae, aombe mambo matatu: Tabora mjini iwe yake kwa muda wote wa mkataba, kuku aruhusiwe kununua kwa wafugaji wa hapa wakikaguliwa, na hati ya nyumba isiguswe. Nilimwomba pia azungumze na watu wawili wenye matawi tayari, bila msindikizaji wa kampuni, awaulize mwezi mbaya unakuwaje. Alimpata mmoja. Yule alimwambia mwezi wa mvua anakula akiba.

Kampuni ilijibu kwamba mkataba ni mmoja kwa wote, haubadilishwi. Mama akawashukuru, akarudisha karatasi zao.

Ningependa kumalizia hapo nikiwa mshindi, ila haikuwa hivyo. Mwezi wa nne tawi lilifunguliwa, mtu mwingine aliweka saini. Jioni kuna foleni. Mama alipita siku moja akitoka sokoni, akasimama ng'ambo ya barabara, akahesabu watu kama alivyokuwa akihesabu wanafunzi mstarini. Usiku akanipigia, akaniuliza kama hatukukosea. Hela ipo benki, haizai cha maana, bei ya vitu inapanda, na bado hajaamua aifanyie nini. Anazungumzia kuku wake mwenyewe, jiko moja, jina lake, lakini anaogopa, na nina haki gani ya kumwambia asiogope, mimi ninayesubiri bumu?

Nilimjibu kwamba sijui. Foleni ya mwezi wa kwanza haituambii mwaka wa tano utakuwaje, wala haituambii kwamba yule mwenzetu amekosea. Huenda yeye ana mtaji wa kutosha na hakuweka nyumba rehani, na kwake mkataba uleule ukawa mzuri. Kisha nikamuuliza hati ya nyumba iko wapi. Akasema ipo sandukuni, chini ya vitenge. Tukaongea mambo mengine.